Jiwe la Kahawia Usilisugue

Mjomba wangu Hamisi alianguka siku ya harusi yake, na nitaanzia hapo kwa sababu ndipo kichwa changu kinapotaka kuanzia. Tulitoka Ujiji kwa boti asubuhi kwenda Ilagala kumchukua bibi harusi, boti limejaa, wanawake wanaimba, mjomba kasimama mbele kabisa na kanzu nyeupe na viatu vipya ambavyo alikataa kuvivua. Wenzake wakamwambia, "Bwana harusi, vua viatu, rukia kwenye mchanga." Akasema hawezi kuingia ukweni miguu mitupu kama mvuvi. Na alikuwa mvuvi. Boti lilipokaribia akaona jiwe kubwa limetokeza kidogo juu ya maji, la kahawia, safi, kama limepakwa rangi jana. Akalikanyaga.

Tuliona miguu tu. Miguu juu, na soli za viatu zingali na karatasi ya dukani. Shangazi mmoja wa bibi harusi, mwanamke mpana, alikuwa amesimama ufukweni anatupokea. Akamtazama mjomba anavyotapatapa na kanzu yake, akauliza watu wa boti, "Huyu mmemleta kuoa au kuoga?"

Mimi nilikuwa mdogo, nikacheka mpaka bibi yangu akanifinya. Lakini baadaye, wakati anakamua ile kanzu, bibi akaniambia mimi, si mjomba. "Umeona alipokanyaga? Lile jiwe maji yamelifunika juzi tu. Jiwe geni huwa la kahawia, linateleza kama bamia. Angekanyaga lile la pembeni, la kijani lenye manyoya mafupi. Lile limekaa na maji, linashika mguu." Na kweli, ukitazama wanawake wanaoosha vyombo ziwani, hawasimami popote tu. Wanachagua jiwe kwa rangi na wala hawajui kama wanachagua.

Mjomba alioa, akazaa, habari yake imeisha.

Sasa mjukuu wangu Zuhura yuko Dar es Salaam, anafanya kazi hotelini, na juzi wamempa kulea tangi la kioo la samaki wa baharini. Maji ya chumvi, mawe yametoka baharini na uhai wake wote, wenyewe wanayaita mawe hai. Tangi jipya kabisa. Akanitumia picha kwenye simu: "Babu shikamoo. Hiki kilichoota kwenye mawe ni nini? Meneja anasema nisugue." Nikamwambia, mwanangu, mimi maji ya chumvi sijawahi hata kuyaonja, nimefanya kazi na samaki wa mapambo wa ziwa hili mpaka meno yakang'oka. Akasema, "Babu, angalia tu." Nikaangalia. Mawe yote yamefunikwa vumbi la kahawia. Nikamkumbuka mjomba Hamisi, halafu nikamkumbuka Sadiki, na tangu hapo sijakaa nikatulia. Zuhura anasema kuna wenzake wengi wanauliza hivyohivyo, niandike. Shule yangu ilikuwa fupi, mtanisamehe. Nikichoka kalamu nitatoka kwenda kutazama ziwa, halafu nitarudi.

Nimesharudi. Leo lina mawimbi.

Sadiki alikuwa mwenzangu wa kuzamia. Kituo chetu kilikuwa pale Bangwe, kando ya maji, samaki tunaowakamata wanasafirishwa mbali kwa watu wanaowafuga majumbani kwa kuwatazama tu, hawawali. Bibi yangu alikufa hajaamini hilo. Kazi yenyewe ni hivi: mnashuka wawili, mnazungushia jiwe wavu, mmoja anaingiza mikono kwenye nyufa kuwafukuza, mwingine anawapokea. Sadiki ndiye aliyenifundisha yote. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, mkavu, na huko chini alikuwa mpole kuliko mtu yeyote niliyemjua. Samaki ukimpandisha haraka tumbo linavimba, anakufa. Lazima umpandishe kidogo, umwache kwenye pipa la matundu lililoning'inizwa majini, azoee, umpandishe tena. Sadiki angeweza kuning'inia pembeni ya pipa hilo mpaka midomo ikawa ya bluu, anawatazama, hana haraka. Mimi ndiye niliyekuwa navuta kamba.

Juu ya ardhi alikuwa mtu mwingine. Hakai. Akikaa, mguu unapiga chini. Akinywa chai anatembea na kikombe.

Halafu masikio yakamwisha. Si jambo geni kwa wazamiaji, lakini lake lilikuwa baya, akapanda siku moja damu inatoka sikio la kushoto, akawa anatembea kaegemea upande kama boti lililopakiwa vibaya. Daktari akamwambia akishuka tena hatasikia adhana wala kengele mpaka anaingia kaburini. Sadiki hakuwa na shamba. Hakuwa na mke, alikuwa naye zamani. Alijua maji tu, na kulala alilala pale pale kituoni, chumba cha kuwekea nyavu.

Bosi wetu hakuwa mtu mbaya. Wakati huo alikuwa anajenga tangi kubwa la kioo pale mlangoni, wanunuzi wakija waone samaki wakiwa na mawe yao kama walivyo ziwani, si kwenye ndoo. Akamwita Sadiki, mimi nipo. Akasema, "Hili tangi nakupa wewe. Likisimama, samaki wakaishi humo, utakaa nalo mpaka uzeeke. Lisiposimama, Sadiki, sina kazi nyingine ya nchi kavu, na chumba nitakihitaji." Alisema kwa upole, lakini ndivyo alivyosema. Sadiki akajibu, "Litasimama." Tukaenda kuchagua mawe.

Sasa hapa sikilizeni, ninyi wenye matangi mapya.

Jiwe likiingia kwenye tangi jipya, kabla ya kitu chochote, linapata lile vumbi la kahawia. Kwenye jiwe, kwenye kioo, kwenye mchanga. Ukipitisha kidole linatoka lote kama unga, na ukilisaga vidoleni unalisikia linakwaruza kidogo kama mchanga. Huyo ni mgeni wa kwanza. Maji mapya yana chakula chake, akikimaliza anaondoka mwenyewe. Hakuna dawa, na dawa ya nini. Unafuta kioo uweze kuona ndani, basi.

Sadiki alipoona kahawia alishtuka kama kaona kinyesi.

Lazima mjue alikotoka. Mama yake Sadiki alikuwa mwanamke wa Ujiji wa wale ambao sufuria lao, hata likipikiwa kwenye kuni kila siku, nje linang'aa kuliko ndani. Kwao mgeni akija haangalii umekula nini, anaangalia makalio ya sufuria lako lililoning'inia ukutani. Likiwa na masizi, maneno yanafika Gungu kabla ya magharibi. Huyo mama hakuzaa binti, kwa hiyo Sadiki alikua anasugua masufuria ziwani kwa mchanga na majivu, na alikuwa anajivunia. Alipoona mawe ya bosi yamechafuka alifanya alichofundishwa. Akayatoa moja moja, akaenda nayo ufukweni, akayasugua kwa mchanga na kipande cha stilwaya, akayaanika juani, akayarudisha yakiwa meupe kama mifupa.

Watu wote tulisema, ah, Sadiki, safi sana. Baada ya siku chache, kahawia. Akayatoa. Akayasugua. Kahawia tena. Ikawa ndiyo kazi yake ya asubuhi, na kila asubuhi anasugua kwa nguvu zaidi, hasira imemjaa, utafikiri jiwe limemtukana mama yake.

Bosi akaweka samaki wa kwanza, wale weusi wenye mkanda wa njano wanaokula kwenye mawe. Kesho yake wakawa juu wanahema, midomo nje ya maji. Wengine tukawawahi kuwarudisha ziwani, wengine hatukuwawahi. Bosi alisimama akaangalia, hakugomba. Akasema tu, "Sadiki, wanunuzi wanakuja mwisho wa kiangazi," akaingia ofisini.

Kulikuwa na dada mmoja mtaalamu wa samaki, kaletwa kutoka Mbeya, tunamwita Bi Neema. Mwembamba, anacheka kwa sauti ya mtu mnene. Alikuwa anapita kukagua afya ya samaki kabla hawajasafirishwa. Akamkuta Sadiki ufukweni na mawe yake, mimi nipo pembeni.

"Shikamoo mzee. Unafanya nini?"

"Marahaba. Naosha nyumba."

"Nyumba ya nani?"

"Ya hao samaki wa bosi. Wanunuzi waje wakute uchafu?"

Bi Neema akachuchumaa, akachukua jiwe ambalo bado halijaoshwa, akanipa mimi. "Nusa," akasema. Nikanusa. Lilinuka ziwa. Akachukua lililooshwa jana. "Nusa." Halikunuka kitu. "Hilo la pili limekufa," akasema. "Kwenye jiwe kuna vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki, huvioni. Mzee anavisugua, anavianika jua. Samaki wanakaa kwenye mikojo yao. Na hiyo kahawia, kila akiisugua anairudisha siku ya kwanza. Haijawahi kupata nafasi ya kuisha."

Sadiki akasema, "Kwa hiyo nifanye nini?"

"Usifanye kitu."

"Nisifanye kitu?"

"Pampu izunguke, taa uipunguze, basi. Subiri."

Alipoondoka Sadiki akaniambia kwa Kiha maneno ambayo siyaandiki, halafu akaongeza kwa Kiswahili, "Huyo dada anataka nifukuzwe."

Nilimwambia Sadiki kwamba Bi Neema ana haki, nikamsimulia habari ya mjomba Hamisi na jiwe geni. Akacheka sana, akajipigapiga mapaja kwa kucheka. Asubuhi yake nikamkuta ufukweni anasugua.

Ngoja nitoke kidogo.

Haya. Kabla sijamaliza ya Sadiki niwape habari za zile nyingine zinazoota kwenye mawe, kwa sababu picha za Zuhura zinaendelea kuja na sitaki mje kusema mzee alisimulia hadithi tu.

Bi Neema alinifundisha vipimo vyangu vyote, na vyote ni vya mwili: kidole, ukucha na pua. Ukiona utando unaobanduka kama malai ya maziwa yaliyochemka, mzima mzima, una vijipovu chini yake na unanuka tope bovu, huyo si mgeni mwema. Kwetu ziwani anakuwa wa kijani cha giza karibu na bluu. Zuhura kanionyesha wa kwake wa baharini ni mwekundu kama damu ya zamani, lakini unabanduka vilevile. Huyo anapenda chakula kilichobaki na maji yaliyolala. Kwetu alitokea kwenye tangi la nyuma, tukahangaika, tukabadilisha maji, anarudi. Kumbe mlinzi, mzee mmoja Mrundi mwenye huruma, alikuwa akila ugali anawamegea samaki. "Wananiangalia," akasema alipokamatwa. "Nitakulaje watu wananiangalia?" Mnyonye huyo kwa mpira, punguza chakula, elekeza pampu pale alipolala.

Ukiona nywele za kijani ndefu zinacheza na maji, hizo ni taa nyingi na jua la dirishani na mbolea ya samaki. Zikunje kwenye kijiti unavyokunja tambi, uzitoe. Usizikate, utakuwa umezipanda. Zuhura aliniletea pia picha ya vidude vya kijani kama shanga, vinang'aa, vimeshika jiwe. Hivyo mimi sivijui, ni vya bahari. Alimuuliza mtu anayejua, akaambiwa asivipasue ndani ya maji, vimejaa mbegu. Atoe jiwe, avitoe nje. Nimeliandika kama alivyoambiwa.

Na ya mwisho, tumia ukucha. Kwaruza. Kama hakitoki, ni kigumu kama ukoko wa wali uliokaukia sufuriani, na rangi yake ni ya zambarau au waridi, acha. Zuhura alitaka kukitoa kwa kisu kwa sababu meneja alidhani ni kutu. Nikamwambia hiyo ndiyo bahari yenyewe imekubali kukaa kwenye jiwe lako. Hicho ukikitoa umetoa mapambo yenyewe.

Sasa Sadiki. Kiangazi kinaisha na kahawia iko palepale, na mimi nikawa silali vizuri kwa ajili yake, kwa sababu nikishuka majini na mwenzangu mpya nilikuwa bado nageuka upande wa kushoto kumtafuta Sadiki. Nilitaka abaki. Awe pale mlangoni nikipanda nimkute. Nikaona kichwa chake kimeelewa kitambo, kisichoelewa ni mikono. Mikono inataka kusugua. Basi tuipe.

Pale nje ya geti kulikuwa na mama ntilie, Mama Chausiku, anapika migebuka na maharage na ugali wa muhogo kwa kuni mbichi, na masufuria yake yalikuwa meusi kuliko moyo wa shetani. Nikaenda nikamwambia, "Mama, una vyombo vya kuosha?"

Akaniangalia. "Umeachwa na mkeo?"

"Si mimi. Ni Sadiki. Tunamtibu."

Akanipa lile sufuria kubwa la maharage, halijawahi kuoshwa nje tangu linunuliwe. Nikampelekea Sadiki asubuhi, kabla hajagusa mawe. Nikamwambia, "Mama Chausiku amesema mama yako asingeliweza hili."

Alilichukua, akaligeuza, akapitisha kidole, akakiangalia kidole. Akaenda nalo ufukweni. Mpaka adhuhuri yuko nalo. Lilirudi linang'aa ukaweza kunyolea ndevu. Kesho yake Mama Chausiku akaleta mawili, halafu na jirani yake akaleta, halafu Bangwe yote ikasikia kuna mwanamume anasugua masufuria bure. Wanawake wakija wanamtania. "Sadiki, utaolewa lini?" Anajibu, "Leta mahari," haachi kusugua. "Na langu lina shimo." "Peleka kwa fundi, mimi nasugua tu." Mikono yake ikawa imechubuka, na nadhani katika siku zile alikaribia kufurahi kuliko wakati wowote niliomwona nchi kavu.

Ndani ya tangi hakuna aliyegusa kitu.

Kahawia ikaanza kupauka. Halafu ikawa na mabaka, kama mbwa anayepukutika manyoya. Halafu asubuhi moja nikapita na mitungi yangu ya kuzamia begani, nikaona juu ya jiwe kubwa, upande wa taa, kijani chembamba, hata huwezi kusema ni rangi, kama vile jiwe limeota ndevu za kijana. Nikamwita Sadiki. Akaja na sufuria mkononi. Akaweka uso kwenye kioo.

"Linashika mguu," akasema.

"Bado. Lakini litashika."

Siku zilizofuata kikaenea, kikawa kizito, kifupi, cha kijani kibichi. Bi Neema akapima maji, akasema leteni samaki. Tukawashusha polepole, na safari hii Sadiki ndiye aliyesimamia, akawaacha wazoee, mguu wake haukupiga chini hata mara moja. Wakatulia chini ya mawe. Halafu mmoja akatoka, dume, akaenda kwenye lile jiwe kubwa, akageuza mdomo, akabandua, akatema mchanga, akabandua tena. Wengine wakamfuata. Ndivyo wanavyofanya kule chini siku nzima, hawana kazi nyingine.

Wanunuzi walikuja, wakakaa mbele ya kioo kile muda mrefu, wakanunua. Walipoondoka bosi akatoka ofisini amefurahi, akamshika Sadiki bega.

"Sadiki, limesimama. Ni lako sasa. Kaa nalo."

"Nikae nalo nifanye nini?"

"Uliangalie."

"Halafu?"

"Halafu kesho uliangalie tena." Bosi akacheka, na mimi nikacheka. Tulikuwa na raha. Bosi akasema ataleta kiti kizuri, chenye mto, akiweke pale pale mbele ya kioo, akarudi ofisini.

Sadiki alibaki amesimama. Yule dume alikuwa anabandua, anatema, anabandua. Sadiki akaweka kiganja kwenye kioo, na samaki hakushtuka, akaendelea na kazi yake. Nikamwambia, "Unaona, wamekuzoea." Akasema, "Hawanioni." Alisema kawaida tu, kama unavyosema mvua haijanyesha.

Kulikuwa na sufuria la Mama Chausiku limeegemezwa ukutani linakauka. Akalichukua, akalifuta na shati lake, akatoka nalo getini. Nikamwona anamkabidhi kwa mikono miwili, na Mama Chausiku akamwambia, "Asante baba. Kesho nina jingine." Akasema, "Haya." Akajifuta mikono kwenye suruali. Halafu badala ya kurudi ndani akashika barabara ya kwenda mjini, bila haraka, kaegemea upande wa lile sikio zima, akapita duka la sigara na hakuingia, akapita kona.

Kofia yake ilikuwa bado kwenye msumari kando ya tangi, kwa hiyo sikuona sababu ya kumwita. Hakurudi kuichukua.